Matabishi ya Chumba cha Nne

Wewe unayenisoma, fanya kama umeketi hapa barazani kwangu na nimekwisha kukumiminia chai. Usiwe na haraka. Nitakueleza jambo dogo, na jambo dogo likielezwa haraka huonekana kama si kitu. Dativa alizikwa juma lililopita. Kwenye matanga, huko Majengo, wanawake waliokaa nami mkekani waliniuliza nilimjua wapi marehemu, nami nikajibu kwamba tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tulipokuwa vijana. Wakatikisa vichwa kwa upole, kama watu wafanyavyo wakisikia kitu cha kawaida. Mwaka mmoja! Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimeolewa, nimezaa, nimekimbia mji huu na kuurudia zaidi ya mara moja, nimefundisha wasichana wengi kutandika vitanda na kupanga meza katika nyumba za wageni. Lakini nikilala kwenye kitanda kisicho changu, popote pale, mwaka ule huja kuketi ukingoni mwa godoro. Mkono wangu huinua mto wa kulalia kabla sijavua viatu. Hakuna kitu chini yake. Naurudisha, kisha nauinua tena.

Nyumba ya wageni tuliyofanyia kazi ilikuwa Himbi, hapa Goma, upande wa ziwa, na ukuta wake ulijengwa kwa mawe meusi ya volkano kama kuta zote za mtaa ule. Ukiingia getini ulikuta njia ya kokoto, kisha saluni, yaani sebule, yenye viti vya mianzi, kisha ukumbi mrefu wenye vyumba pande mbili. Asubuhi mwanga wa ziwa uliingia kwa madirisha ya nyuma na kucheza darini, na vyumba vitupu vilionekana kama vinapumua. Mimi nilikuwa wa mezani: chai, kahawa, mikate, jibini ya Masisi iliyokatwa vipande vyembamba kwa sababu mwenye nyumba, mjane tuliyemwita Mama Patron, hakupenda mgeni aone ukubwa wa jibini. Dativa alikuwa wa vyumbani. Alinizidi umri kidogo, mtu wa Masisi, mrefu, mwenye kusema kwa sauti ya chini hata alipokasirika. Alikuwa na mazoea ya kupitisha kiganja juu ya shuka baada ya kuinyosha, mara moja tu, polepole, kama mtu anayefunga macho ya mgonjwa aliyekata roho. Aproni zetu hazikuwa na mifuko. Mama Patron alitaka hivyo ili pasiwe na maneno ya wizi, na aliyezishona alikuwa mume wa Dativa mwenyewe, Fundi Anastase, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza moja kule Majengo pamoja na mafundi wenzake. Kulikuwa na sheria nyingine ambayo haikusemwa lakini kila mtu aliifuata: mtu wa vyumbani haonani na mgeni. Huingia mgeni akiwa ametoka, na hutoka kabla mgeni hajarudi. Kwa hiyo watu wawili waliweza kuishi majuma katika chumba kimoja, mmoja akilalia shuka ambayo mwingine aliinyosha, bila kujuana sura.

Hapa ni lazima nikueleze matabishi, kama hukuzaliwa kwetu. Ukinunua maharagwe sokoni, mwenye kuuza hupima kwa kikopo, humwaga katika kitambaa chako, kisha huchukua mkono mmoja zaidi na kuongeza juu. Hiyo ndiyo matabishi. Haikukadiriwa, huwezi kuidai kwa nguvu, lakini ukiondoka bila hiyo unajua hukupendwa. Neno hilo hilo tunalitumia kwa kile anachopewa mpishi, dereva, au mtu aliyekubebea mzigo: ni mkono mmoja wa ziada juu ya kipimo. Na hupewa mkononi. Mwenye kutoa husema neno, “kamata ya kunywa sukari,” au “hii ni ya maharagwe ya watoto,” na mwenye kupokea huweka mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha kulia, na watu walio karibu huona, na mara nyingi hucheka na kudai sehemu yao. Kuonekana huko si maonyesho. Ndiko kunakoifanya iwe safi. Pesa iliyotolewa mbele ya watu ina jina. Ile iliyowekwa mahali pa siri watu wataitafutia jina wenyewe, na watu hawana huruma katika kutafuta majina.

Mwaka huo alikuja mgeni tuliyempa jina la Papa Mwavuli, kwa sababu alitembea na mwavuli mweusi hata jua lilipokuwa kali. Alikuwa mzee mwembamba kutoka ng'ambo, fundi wa mashine za kupimia macho, aliyeitwa kuwafundisha wauguzi kuzitumia. Alisema Kifaransa kwa shida, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akilijaribu kila neno kabla ya kulikanyaga. Akanywa chai nyingi, akasema “merci” kwa kila kijiko. Akapewa chumba cha nne, chumba kizuri kuliko vyote, ambacho sisi wafanyakazi tulikiita shambre katre.

Siku moja Dativa aliniita nyuma, penye mabeseni ya kufulia, ambapo sabuni na harufu ya ziwa vilichanganyika.

“Nabintu, ule muzee wa shambre katre iko mutu wa namna gani?”

“Anakunywa chai, anasema merci. Juu ya nini?”

“Anaachaka feza chini ya oreye.”

“Amesahau.”

“Mutu anasahau kila siku, fasi moya, na anaikunja vile vile?” Alikuwa akikamua foronya ya hiyo oreye, mto wa kulalia wa mzee, na aliikamua mpaka haikuwa na maji tena. “Siku ya kwanza nilisema, amesahau. Nilitandika kitanda, nikairudisha pale pale. Kesho yake ameongeza. Nikairudisha. Akaongeza tena.”

“Pengine ni matabishi.”

“Matabishi inapewa mu mukono. Mama yako hakukufundisha?” Akatazama kwanza mlango wa jikoni. “Mwanaume akiachia muke ya mutu feza mu kitanda, ile kitu iko na jina yake. Na jina yake haiko matabishi.”

Nikamwambia aende kwa Mama Patron. Akacheka kidogo bila furaha. “Ataniuliza ilianza lini. Nikimwambia, ataniuliza juu ya nini sikusema siku ya kwanza. Nitajibu nini?” Akatandaza foronya kambani, akainyosha pembe zake. “Niko naogopa kuingia mule, Nabintu. Nikifungua mulango ninaona kama iko mutu amekaa pale ananingoja, na hakuna mutu.”

Nilisema hakutakuwa na neno. Lakini neno lilikuwa tayari limeanza kutembea, kwa sababu Dativa alikuwa amemuuliza pia mpishi wetu, Papa Kizito, na Papa Kizito hakuwahi kukaa na kitu mdomoni isipokuwa chakula. Hakuwa mtu mbaya. Kama ungekuwa na njaa angekupa sahani yake. Lakini saa sita, tulipoketi wote jikoni kuzunguka sinia la bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, aliona kimya kama kidonda kinachohitaji kukwaruzwa.

“Mama Dativa, bwana yako wa shambre katre aliacha nini leo?”

“Papa Kizito, kula bugali yako.”

“Mi niko nauliza tu! Kama anaongezaka kila siku, mutafika ku ndoa. Mi nitapika sambaza za arusi.”

“Utazipika na ile mafuta unaibaka mu jikoni?”

Tulicheka wote. Dativa mwenyewe alicheka, na mpishi akapiga paja kwa furaha ya kujibiwa. Nataka ulione hilo vizuri: lilikuwa jambo la kuchekesha, na lilichekwa na watu waliompenda. Mke wa Papa Kizito alikuwa akiuza maandazi kwenye baraza la mafundi cherehani huko Majengo. Mzaha uliondoka jikoni kwetu ukiwa na joto, kama maandazi yale, na ulipofika kule hakuna aliyejua tena kwamba Dativa naye alikuwa amecheka.

Asubuhi moja nilikuwa nikimwaga chai nilipomsikia Papa Mwavuli akisema na mama mmoja wa Ubelgiji aliyekuwa akipita tu mjini. Alisema kwa Kifaransa chake cha mawe. “Yule bibi anayesafisha chumba changu, sijui nimemkosea nini. Kwetu ni adabu kumwachia kitu kidogo chini ya mto. Kila siku namwachia, kila siku ananirudishia. Nadhani anakataa kwa sababu ni kidogo, naona haya. Leo nimeacha nyingi.” Yule mama akapaka siagi mkate wake na kusema kwamba Waafrika wana fahari yao. Nilisimama pale na birika mkononi, na nilihisi kama mtu aliyesimama ukutani kati ya vyumba viwili, akisikia upande huu mtu analia na upande ule mtu anaomba radhi, na ukuta ni mnene.

Mtu wa mezani haingilii maneno ya wageni. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Lakini nilisubiri yule mama aondoke, nikaweka birika chini, nikamwambia yule mzee kwa Kifaransa changu cha shule kwamba kwetu kitu cha namna hiyo hutolewa mkononi, mbele ya watu, na kwamba kile anachokifanya chumbani kinamtia mwanamke aliyeolewa katika maneno. Nilidhani atakasirika. Akawa mwekundu kwanza masikioni, kisha shingoni. Akaweka kikombe. “Mungu wangu,” akasema. “Na mimi niliendelea kuongeza.” Akataka kurudi chumbani palepale, lakini gari lilikuwa limekwisha kupiga honi getini. Alikuwa anapelekwa Rutshuru kwa siku chache, kuangalia mashine nyingine huko. Akasimama na mwavuli wake, hajui aende wapi. “Jumamosi nitarudi,” akasema. “Nataka kufanya vizuri, wote wakiwapo, na mume wake pia. Nifundishe niseme nini.” Nikamfundisha: aksanti kwa kazi, mama. Akalirudia kuelekea mlangoni, akalirudia juu ya kokoto, na nilipofunga mlango wa gari alikuwa bado anasogeza midomo kama mtoto anayekwenda kusimama mbele ya darasa. Aksanti kwa kazi, mama. Alilisema vizuri, unajua. Alilisema vizuri kuliko wageni wengi niliowasikia tangu wakati ule.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa kichwani, Fundi Anastase alikuja. Hakupiga kelele. Alisimama kwenye kokoto akiwa na utepe wa kupimia bado shingoni, ishara kwamba aliondoka barazani katikati ya kazi, na akaomba kwa heshima kumwona mwenye nyumba. Mama Patron alitoka, sisi tukatoka nyuma yake, na Dativa akatoka ukumbini akiwa na shuka safi mikononi. Alikuwa bado hajafika chumba cha nne.

“Mama,” Anastase akasema, “samahani. Ku baraza banasema muke yangu iko na mwanaume hapa. Banasema iko analipwa mu kitanda. Mi nilikuya kuuliza, sikukuya kugombana.”

Mama Patron alikuwa mwanamke wa fahari, na fahari yake ilikuwa nyumba ile. “Ku nyumba yangu?” akasema. “Ku nyumba yangu hakunaka uchafu, Fundi. Kuya uone na macho yako.” Akatoa funguo kiunoni. Nilitaka kusema ngojeni. Nilifungua mdomo. Lakini walikuwa wamekwisha kuingia ukumbini, na Dativa alikuwa ameganda na shuka zake, na ufunguo ulikuwa umezunguka. Chumba kilikuwa na harufu ya sabuni ya mzee yule. Mwanga wa ziwa ulikuwa ukicheza darini. Mama Patron alifungua kabati, akafungua choo, akaonyesha kwa mkono: unaona? Kisha, ili amalize, akainua mto.

Mzee alikuwa ameikunja ile pesa vizuri, kama kawaida yake. Ilikuwa nene.

Sauti ya mawimbi madogo ya ziwa kwenye mawe ilisikika hadi mle ndani, na tangu hapo siwezi kuisikia sauti hiyo bila kusubiri mtu aseme. Nilisema mimi. Nilieleza yote, polepole, kama ninavyokueleza wewe: kwao ni adabu, kwao huachwa chini ya mto, ni ya mwenye kusafisha, yeye mwenyewe amenieleza asubuhi hii. Anastase alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila hasira, “Dada, ulishafika kule kwabo?”

“Hapana.”

“Ulishaona ile desturi na macho yako?”

“Hapana, lakini yeye mwenyewe...”

“Ni yeye njo anasema. Na mwanaume mwenye kukamatwa angesema nini?”

Nikasema atarudi Jumamosi, atasema mbele yao wote. Anastase akamtazama mke wake. Dativa hakujitetea. Alikwenda kitandani, akatoa shuka chafu, akatandika safi, akapitisha kiganja juu yake mara moja, polepole, akaweka mto mahali pake. Sisi wote tukasimama tukimtazama akifanya kazi. Alipomaliza, mume wake akasema, “Nitangoja samedi.” Unaona sasa kilichokuwa kimetundikwa kwenye siku hiyo moja: ndoa, na jina la mwanamke, na watoto ambao wangejua au wasingejua mama yao ni nani. Na vyote vilingoja maneno manne ya mzee mmoja mwenye mwavuli.

Jumamosi Papa Kizito alipika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Hakuambiwa. Alizikaanga tangu asubuhi, akazipanga kwenye sahani nzuri ya wageni, na siku nzima hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo lilitutia hofu kuliko kitu chochote. Dativa alivaa kitenge chake cha kanisani na hereni. Anastase alikuja na koti, pamoja na kaka yake mkubwa kama shahidi, wakaketi kwenye viti vya mianzi saluni, mahali ambapo watu kama sisi hatukuketi, na Mama Patron mwenyewe akawaletea chai. Mazungumzo yalikuwa ya mvua, ya bei ya makaa, ya mtoto wa jirani aliyefaulu shuleni. Kila gari lilipopita barabarani sote tuligeukia getini, kisha mmoja akaendelea pale alipoachia. Sambaza zikapoa. Kaka mkubwa akala mbili tatu kwa adabu. Jua likahama kutoka dirisha la mbele hadi la nyuma, mwanga ukaanza kucheza darini, na mimi nilikuwa nikisema kimya kimya, kwa niaba ya mtu mwingine, aksanti kwa kazi, mama, aksanti kwa kazi, mama.

Gari lililokuja mwishowe halikuwa na mtu nyuma. Dereva alishuka peke yake, amechoka, suruali imejaa vumbi. Alisema vita vimefunga barabara, wageni wote wamepitishwa Uganda, yule mzee ameshapanda ndege ya kwao. Yeye dereva amepita njia ya mzunguko, ametumwa kuchukua mizigo iliyobaki.

“Alisema kitu?” nikamuuliza. “Aliacha neno kwa mutu yeyote?”

Dereva akafikiri kwa nia njema. “Alisema musalimie bote.” Akafikiri tena. “Na alisema tusisahau koti yake mu kabati.”

Fundi Anastase alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamshukuru Mama Patron kwa chai na mpishi kwa samaki. Alitoka na kaka yake. Dativa hakumfuata, alibaki amesimama mlangoni mwa jikoni na hereni zake. Siku chache baadaye vitu vyake vilipakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, godoro juu na sufuria juu ya godoro, na akarudishwa kwa kaka zake Masisi. Watoto walibaki kwa baba. Mama Patron alisema nyumba yake haiwezi kubeba maneno, na akanipa mimi vyumba pamoja na meza. Kwa hiyo nilimaliza mwaka nikitandika kile kitanda. Kila asubuhi nilifungua mlango wa shambre katre na kujua maana ya kile Dativa alichosema penye mabeseni: mtu amekaa pale ananingoja, na hakuna mtu. Sijui kama yule mzee alipata kujua. Nadhani huko kwao aliendelea kuwaza kwamba kuna mwanamke Goma aliyekosewa naye, na labda alilala na wazo hilo, kila mmoja na upande wake wa ukuta.

Miaka mingi ilipita. Dativa alirudi mjini na watu waliokimbia vijiji, akaishi Majengo kwa binti yake aliyekuwa amekua bila yeye. Aliuza maharagwe. Nilikuwa nikienda kununua kwake, na tulisalimiana kama watu waliosafiri pamoja na kuona ajali. Alipima, akamwaga, akaongeza mkono wake wa juu, tukaulizana habari za magoti. Kitu kile hatukukitaja kamwe. Kisha, mwezi uliopita, nilialikwa Ulaya kwenye harusi ya mpwa wangu, na nikalazwa hoteli kwa mara ya kwanza kama mgeni. Asubuhi ya kuondoka, mpwa wangu mwingine aliyekuja kunichukua alikuwa akifunga sanduku langu na kuzungumza kwenye simu yake kwa wakati mmoja.

“Tantini, acha kitu kidogo ku oreye.”

“Kitu gani?”

“Matabishi. Ya mwenye kusafisha shambre. Huku banafanyaka vile.” Akacheka. “Ulizani kitanda inajitandika yenyewe?”

Niliketi. Alidhani ni moyo, akaniletea maji. Nilikunja noti, nikaiweka chini ya mto nusu ikionekana, nikamwomba anipigie picha ile kwa simu yangu. “Ya nini, tantini?” Nikamwambia kuna mtu Goma nataka aone. Nilikuwa nikifikiri juu ya Dativa. Nilikuwa bado njiani alipofariki.

Kwa hiyo, siku ya matanga, picha ilikuwa ndani ya mkoba wangu na aliyepaswa kuiona alikuwa ardhini. Fundi Anastase alikuwa amekuja. Aliketi peke yake kwenye benchi upande wa wanaume, mzee sasa, na mgongo wake umefuata umbo la cherehani. Nilikwenda kuketi karibu naye, jambo ambalo wanawake waliliona na kulinong'onea, na nikampa simu. Akatafuta miwani, akatazama kwa muda mrefu.

“Ni ku fasi gani?”

“Ku Bulaya. Ni chumba yangu. Banaachaka pale, ya mwenye kusafisha. Sasa nilishafika, Papa Anastase. Nilishaona na macho yangu.”

Akanirudishia simu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. “Weka simu yako, mama. Mi nilijuaka.”

“Ulijuaka nini?”

“Ile siku ya samedi, mbele ya gari kufika, nilikuwa nilishajua. Siku muliinua ile oreye, nilimwangaria namna anatandika kitanda. Mutu mwenye kosa hatandike vile.” Kikundi cha akina mama kilikuwa kikiimba kwa sauti ya chini. “Uliona mi sikumujua muke yangu?”

“Sasa juu ya nini ulimufukuza, papa?”

“Juu bafundi balikuwa bananingoja ku baraza. Bangeniuliza, muzungu alisema nini? Na muzungu hakukuya.” Mkono wake ulikuwa ukipapasa goti, kama anayetafuta mshono. “Nilitembea kutoka Himbi mpaka Majengo niko natafuta neno ya kubaambia. Kama ningepata ata moya, ningerudi Himbi kumuchukua Dativa. Nilifika ku baraza bila neno. Nikasema nimemufukuza. Bakanyamaza. Njo hivyo.”

Miaka yote hiyo nilidhani nilikosa ushahidi, na kwamba siku nikiupata nitafungua mlango na kumkuta mtu ndani. Ushahidi ulikuwapo tangu mwanzo, kwenye kiganja kilichopita juu ya shuka, na mtu aliyehitaji kuuona aliuona. Kilichokosekana ni neno dogo la kusemwa hadharani na mtu mmoja, kwa wakati wake. Tulikaa tukisikiliza nyimbo mpaka binti ya Dativa alipokuja kutugawia chai, akampa baba yake kwanza, kwa mikono miwili.

Sasa wewe, ukisafiri, iwe kuja kwetu au kwenda mbali, usidhani kwamba wema unajieleza wenyewe. Siku ya kwanza ukifika, muulize mtu wa mezani au wa jikoni namna wanavyotoa matabishi mahali hapo, naye atafurahi kukueleza. Kama huwezi kuuliza, toa mkononi, mchana, mlango ukiwa wazi na wenzake wakiona, na utaje kazi unayoishukuru. Na kama gari lako limekwisha kupiga honi, liache lingoje: rudi ndani, mtafute, umpe.